Ukiambiwa Fungua Maji

Bondeni, Jumapili jioni

Nyambura,

Umepanda Dundori kumuaga Cucu wako, na namjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala viazi vyake na kuombewa mpaka magoti yakuume. Kwa hivyo nina nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Isome leo, usingoje kufika Nairobi.

Sitaandika habari za sweta, wala chakula, wala watu wa mjini na mikono yao mirefu. Hayo nimeyasema mpaka juzi ukaniuliza kama ningependa kuyarekodi ili uwe unayacheza kwenye simu kila asubuhi badala ya redio. Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Nilikuwa naongea juu ya sweta kwa sababu nilikuwa naogopa kuongea juu ya kitu kingine.

Naogopa, Nyambura. Wacha niseme mapema tujue tuko wapi. Naogopa hilo jengo unaloenda kufanya kazi. Fundi Kiprono, huyu aliyekufundisha kazi ya mabomba na sasa amekutafutia nafasi, alikuja hapa kunipa moyo. Akanieleza kwamba jengo lina ghorofa ishirini na mbili za watu kuishi, kwamba tangi moja liko juu kabisa na jingine katikati, kwamba chini kuna chumba cha pampu, na kila baada ya ghorofa chache kuna valvu ya kupunguza presha ya maji, na wewe ndiye utakuwa ukizunguka kuzikagua. Alieleza vizuri, na chai akamaliza. Mimi katika hayo yote nilisikia ishirini na mbili tu. Tangu siku hiyo nikifumba macho nakuona umesimama kwenye kile chumba cha chini, maji ya ghorofa zote hizo yako juu ya kichwa chako, na mtu yuko mlangoni anakwambia fungua.

Huyo mtu wa mlangoni ndiye ninayemwogopa zaidi. Nitakueleza kwa nini, ingawa sehemu kubwa ya habari hii unaijua, maana ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa juu nami nilikuwa chini, na hatujawahi kukaa tukaisema yote mwanzo hadi mwisho. Tumekuwa tukiizunguka tu, unaniuliza jicho likoje, nasema liko sawa, tunawasha redio.

Mimi nimeishi hapa Bondeni tangu ukiwa mgongoni, na shida ya maji niliyoijua ni moja tu: hayapo. Unajua tulivyozoea. Siku ya mgao tunauacha mfereji wazi, karai chini yake, tunaendelea na shughuli zetu, na tone la kwanza likigonga karai ploti nzima inakimbilia mitungi. Mtu akienda kuangalia nyumba ya kukodi hatazami hata madirisha. Anaingia moja kwa moja jikoni, anafungua mfereji, na maji yakiruka kwa nguvu anarudi akitangaza kwamba amepata nyumba. Hakuna aliyewahi kutufundisha kuogopa maji mengi. Kwetu maji yenye nguvu yalikuwa baraka, basi.

Wewe ndiye uliyenielewesha, kule kwenye stoo ya Cucu, mwaka ulioanza kozi. Tulikuwa tunapanga magunia ya viazi nami nikataka kuongeza gunia jingine juu ya yale mengine. Cucu akanikemea, "Wee! Utaviponda vya chini." Ukacheka, ukasema, "Mum, hiyo ndiyo presha." Ukanieleza kwamba maji ya tangi la juu yanakaa kwenye bomba vivyo hivyo, kila ghorofa imebebeshwa maji ya ghorofa zote zilizo juu yake, na anayeishi chini kabisa amebebeshwa yote. Nilielewa, Nyambura. Siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Nilielewa vizuri kabisa, na siku ilipofika kuelewa kwangu hakukunisaidia kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ile Mzee Gitau alipoombea jengo lake la mtaa wa Section 58. Unajua namna tunavyofanya kanisani kwetu. Mchungaji anaanzia getini, anapanda akiomba ghorofa kwa ghorofa, sisi kina mama tunamfuata tukiimba mpaka pumzi zinakatika, halafu tunashuka chini, mwenye nyumba anafungua mfereji mbele ya watu, na chai ya kwanza inapikwa kwa maji ya nyumba yenyewe. Hatubebi maji kutoka nje. Ni kama kusema nyumba yenyewe ndiyo imetukaribisha. Na mimi ndiye ninayeongoza kina mama wa chai, kwa hivyo siku hiyo sufuria kubwa zilikuwa mikononi mwangu, zimekauka, na wageni walikuwa wengi kuliko viti.

Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na moja. Mzee alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba hizo valvu za kupunguza presha ni mambo ya kujionyesha, kwamba fundi aifunge tu nusu ile valvu kubwa iliyo chini ya tangi, maji yatulie. Nilikuwepo Kiprono alipomjibu, nilikuwa nimewaletea uji. Alisema polepole kama kawaida yake, "Mzee, ukifunga nusu inapunguza maji yakiwa yanatembea. Watu wakifunga mifereji yote maji yakisimama, presha inarudi pale pale." Mzee alinung'unika, lakini akakubali zinunuliwe. Zikachelewa. Jumamosi hiyo ndipo zilipofika ofisi ya vifurushi mjini, na Kiprono akaenda kuzichukua, akakuacha wewe kule juu kwenye tangi na amri moja tu, usifungue mpaka nirudi.

Sasa nitakwambia kilichokuwa moyoni mwangu, kwa sababu kwa watu nimesema nilimwogopa Mzee, na hiyo ni nusu tu. Kweli nilimwogopa. Ni mzee wa kanisa, ndiye aliyekubali ujifunze kazi kwenye jengo lake wakati wengine walikuwa wanakuangalia mikono na kucheka. Lakini zaidi ya kumwogopa, nilikuwa na kiburi. Wale kina mama wote wenye watoto benki na watoto ng'ambo walikuwa wamesimama pale na vikombe vitupu, na mtoto aliyekuwa ameshika maji alikuwa wangu. Nilitaka waone. Nilitaka maji yatoke na mtu aulize, ni nani huyo aliye juu, nami niseme, aa, ni Nyambura wangu tu.

Mzee akanijia akiwa ametabasamu. Akasema, "Mama Nyambura, hebu ambia huyo msichana afungue hiyo maji. Afungue nusu tu. Pastor ako na safari." Nikakupigia.

"Mum, Fundi amesema tungoje valvu. Ako njiani."

"Mzee anasema fungua nusu tu."

"Nusu haisaidii, mum. Si hata wewe ulisikia?"

"Nyambura, watu wamesimama hapa. Unataka nimwambie Mzee nini? Usituaibishe, fungua."

Ukanyamaza. Nilisikia upepo wa huko juu ukipiga simu yako. Nimeurudia ule ukimya mara nyingi, hasa nikiwa peke yangu hapa nyumbani, na kila mara naomba umalizike vingine. Halafu ukasema, "Sawa, mum."

Nikawageukia watu nikasema, "Yanakuja." Na kwa ile akili yetu ya Bondeni nilikuwa nimeshapita nikafungua mifereji yote ya chini, wa jikoni, wa bafuni, na ule wa uani uliokuwa karibu na meko, ili tusikie yakifika. Kwanza ikawa ni hewa tu, ikipiga mluzi. Halafu mifereji ikaanza kutema, maji na hewa, maji na hewa, ukuta ukinguruma. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee akasema kwa sauti, "Mnaona hiyo presha? Hii si nyumba ya mchezo!" Maji ya uani yakaruka nje ya sufuria, yakamlowesha mchungaji viatu, yakazima jiko moja, nami nikaona aibu, nikakimbia kuufunga ule mfereji. Ulikuwa wa aina ile ya mkono mmoja, ukiupiga kofi umefunga. Nikaupiga kofi.

Nilisikia mshindo ndani ya ukuta, mmoja tu. Kilichofuata sikukiona, nimeelezwa na wengine: maji yote yale yaliyokuwa yakishuka mbio yalifika yakakuta mlango umefungwa, na kiungo cha bomba kilichokuwa nyuma ya ule mfereji kikaachia, na mfereji wenyewe ukatoka ukutani ukanipiga hapa chini ya jicho. Nilijikuta nimekaa kwenye maji. Kulikuwa na kelele ya maji iliyomeza sauti zote. Nilishika uso nikahisi uvuguvugu, na nikafikiri, jicho limeenda. Halafu nikafikiri juu yako, kwamba labda kule juu nako kumepasuka, na nikaanza kuliita jina lako nikiwa nimekaa pale pale, nikiita kama mwendawazimu.

Na ukajibu. Hapo ndipo huwa nashtuka usingizini, si kwenye ule mshindo. Ulikuwa unashuka ngazi ukiita, "Mum! Mum!" na nilikusikia ukiwa mbali, halafu karibu kidogo, halafu karibu zaidi, ghorofa baada ya ghorofa, na ilichukua muda mrefu sana. Ulifika ukiwa na kiatu kimoja. Ulipiga magoti ukautoa mkono wangu usoni, ukatazama, na ukapauka. Mtoto anayedhani amemuua mama yake ana uso wake, na mimi nimeuona.

Kisha ukainuka, ukamgeukia Mzee Gitau, na ukamwambia, "Nisamehe, Mzee."

Ulimwomba yeye msamaha. Naye hakuwa na ubaya, alikuwa ameshtuka kama sisi sote, akasema, "Ndio maana mimi husema hii kazi si ya wasichana." Mimi nilikuwa nimebanwa leso kwenye jicho, lakini mdomo haukuwa umeumia. Ningeweza kusema, ni wewe Mzee uliyesema, na ni mimi niliyempigia. Maneno saba, manane hivi. Sikuyasema. Nilimwacha mtoto wangu asimame pale amelowa, abebe kosa la watu wazima wawili mbele ya kanisa zima.

Jioni Kiprono alikuja hospitalini akiwa bado amebeba lile boksi la valvu kwapani, halijafunguliwa. Alikuuliza mbele yangu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukafungua?"

"Mum alisema."

Alinitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliliweka lile boksi chini ya kitanda, akakaa, akasema, "Valvu nitafunga kesho. Hii ingine sijui itafungwa na nani."

Nimekuwa nikilifikiria hilo jambo lake jingine. Ni mimi niliyekufundisha kutii hivyo, Nyambura, na nilikufundisha nikiwa naona ninafanya vizuri. Unakumbuka ile mvua ya mawe sokoni? Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Nilikwambia usimame pale penye mboga zangu za sukuma usitoke mpaka nirudi, nikaenda kutafuta chenji. Mvua ya mawe ikashuka, ile yetu ya Nakuru inayotoboa mabati. Soko zima likakimbilia vibandani. Niliporudi nilikukuta umesimama pale pale, umejifunika kichwa na karatasi ya sukari, masikio mekundu, unatetemeka, na mawe yamejaa miguuni. Watu walikuwa wamekuita ujikinge ukakataa. Unajua nilifanya nini? Nilikukumbatia, ndiyo, lakini kisha nikazunguka na hiyo hadithi miaka mingi. Nilimwambia kila mtu, huyu wangu ukimwambia simama, anasimama. Nilijisifu. Kila nilipojisifu ulikuwa umekaa pale unasikiliza, na unajifunza kwamba hicho ndicho mama anachokipenda kwako.

Wewe umepewa jina la mama yangu. Kwa mila yetu wewe ndiye mama yangu, na kwa haki ungekuwa ukiniamuru mimi. Cucu hutania hivyo kila Krismasi. Lakini uliniamuru lini? Hata kukataa uji ulikuwa unaona haya, unakunywa nusu halafu unampa paka kwa siri, na mimi najua, paka alikuwa mnene kuliko paka wote wa Bondeni.

Na mimi nami nilifunzwa vivyo hivyo. Nilimwogopa baba yangu, nikatoka kwake nikaogopa majirani watasema nini juu ya msichana aliyezaa nyumbani, nikaogopa kanisa, nikaogopa wenye nyumba. Maisha yangu yote nimeogopa nyuso za watu. Kitu chenyewe kinachoua sikukiogopa. Siku ile ulinieleza wazi kwenye simu kwamba nusu haisaidii, nami nikasikia, lakini uso wa Mzee ulikuwa karibu na maji yalikuwa mbali, ghorofa kumi na moja juu, hayaonekani. Ndiyo hesabu niliyoifanya. Nimelipa kwa jicho moja linaloona kama limefunikwa nailoni, na nasema nimeponea. Mama Wairimu, mwenzangu wa chai, alikuwa ameinama karibu na ule mfereji muda mfupi kabla, mjukuu wake mgongoni. Sijawahi kukwambia hilo. Nakwambia sasa ili ujue kwa nini sipendi tuseme "ajali tu".

Sasa ninaogopa vitu. Ninafungua huu mfereji wetu kwa kitambaa, taratibu, nimegeuza uso pembeni, na unajua wenyewe haujawahi kutoa maji ya kujaza kikombe kwa haraka. Majirani wananicheka. Nikipita Section 58 ninavuka barabara. Hofu hii haina maana yoyote, naijua, na haiondoki.

Ila kuna hofu nyingine ambayo ina maana, na ndiyo ninayokuandikia. Mtu atakayekwambia fungua huko Nairobi hatakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningekuachia, ungemshinda. Atakuwa mtu mzuri. Mzee Gitau ni mtu mzuri. Alikuja hospitalini na matunda, alikuja nyumbani akaomba, na valvu zilipofungwa aliwaambia wageni wake kwamba kila jengo linapaswa kuwa nazo. Atakuwa mtu kama huyo. Meneja aliyekupa kazi wakati hukuwa na jina. Mama mjamzito wa ghorofa ya nne asiye na maji tangu asubuhi. Mwenye nyumba aliye na wageni. Watapiga simu wote kwa pamoja, watasema kidogo tu, nusu tu, tafadhali, wewe ni kama mtoto wangu. Utakuwa umesimama kwenye bomba, geji ya kupima presha mbele yako inakuonyesha kile unachokijua, na masikioni una sauti ya mtu unayempenda. Nakuogopea hapo. Ukiniambia utakutana na mwizi nitaogopa kidogo, lakini hapo ndipo ninaogopa kweli.

Mambo ya kazi unayajua wewe. Sitakufundisha kufungua polepole na kuacha hewa itoke juu, wewe ndiye uliyenifundisha mimi, ingawa ni baada ya jicho kuumia. Ninachokijua mimi ni namna mtu anavyosema ndiyo. Inaanza na kueleza. Ukianza kueleza kwa nini hutafungua, umeshaanza kuomba ruhusa, na mwenye kuombwa ruhusa anaweza kukunyima. Siku ile ulinieleza vizuri sana, na kila ulichonieleza nilikijibu kwa kitu kisichohusu maji. Kwa hivyo sema "bado". Waache wakasirike. Mtu akikasirika huwa anapoa, nimewaona wengi wakipoa, na wengine hata wanakusahau kabla ya jioni. Ukiweza, zima simu uiweke chini. Hata kama jina lililo kwenye hiyo simu ni langu.

Nina jambo moja limebaki, na ndilo gumu. Juzi nilipokwambia naenda kuona mgonjwa, sikwenda kuona mgonjwa. Nilikwenda kumtafuta Kiprono kazini kwake. Nilimwomba ampeleke mtu mwingine Nairobi. Nililia pale mbele ya vijana wake, sikujali. Nilimwambia mimi nina mtoto mmoja. Alifuta mikono, akanipeleka pembeni.

Akasema, "Mama Nyambura, mimi siwezi kumtoa. Ameshinda watu kwa hiyo nafasi. Lakini wewe ukimwambia abaki, atabaki. Si unajua?"

Najua. Nilitembea na hilo neno kutoka huko hadi hapa, na tangu hapo liko mdomoni mwangu. Jana tukila nilikuwa karibu kulisema. Ulipokuwa unapiga pasi lile ovaroli jipya, unaimba, nilisimama mlangoni nimelifungulia kinywa. Ni neno dogo. Nikisema "baki", hutauliza kwa nini. Utatabasamu, utasema sawa, utatoa nguo kwenye sanduku uzirudishe kwenye kamba moja moja, na kesho utaamka mapema unisaidie na sukuma. Nitakuwa nawe hapa, mzima, mikono yako yote miwili, macho yako yote mawili. Hutanilaumu hata siku moja. Na mimi nitakuwa nimekuita ushuke tena kutoka mahali ulipopanda mwenyewe, kwa sababu ya hofu yangu, na wewe utakuwa umeshuka.

Naogopa kwamba nitalisema. Sijiamini, Nyambura, na ndiyo sababu ninaandika sasa kungali na mwanga kidogo na akili yangu ikiwa bado yangu. Kesho asubuhi tutatoka pamoja hadi stendi. Najijua nilivyo. Nitakuwa jasiri mpaka sanduku lipandishwe. Wakianza kuita abiria waingie nitakushika mkono, na sitakuwa mwanamke huyu anayeandika barua. Nitakuwa yule wa kwenye simu. Nitakwambia, "Nyambura, rudi nyumbani," kwa sauti ile ile, na nitalia mbele za watu, nitataja jicho langu, nitamtaja Cucu na uzee wake, nitasema nimeota vibaya. Nitakuwa nasema kweli yote. Na nitakuwa mama yako, na watu watakuwa wanatutazama.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie. Usinieleze. Usiniombe msamaha. Niambie hapana, utoe mkono wako mkononi mwangu, upande gari.

Ni mimi, mama yako,
na nimeshika kalamu hii kwa mikono yote miwili.